Jedwali la Homa

Masisi, tarehe 11 Oktoba 1964

Kaka Nestor mpendwa,

Leo nitakuambia yote, hata yale ambayo mtu mwingine angeyaruka, kwa sababu kitu ninachokutumia hakifai kwa mtu aliyeambiwa nusu. Tafadhali soma mpaka mwisho kabla hujafungua kitambaa.

Barua yako ya Septemba ilifika. Nimeelewa kwamba muganga Paul amekimbilia Goma kwa sababu ya vita, na wewe uliyekuwa ukifua bendeji na kuchemsha sindano umebaki peke yako katika dispensari. Nimeelewa pia kwamba aliondoka na termometre yake, na kwamba limebaki kopo moja la dawa ya homa, kinini, ambalo lazima litoshe watu wote mpaka kamiyo za dawa zipite tena barabarani. Uliandika hivi: "Nisipojua nani ana homa ya kweli, nitampa asiye nayo, na siku mutoto wangu Agathe atakapowaka moto nitakuwa na kopo tupu." Maneno hayo niliyasoma mbele ya Mama. Akaweka chini kisu alichokuwa akimenyea muhogo, na hakukishika tena mpaka nilipomaliza.

Kwa hiyo nilikwenda kwa Mwalimu Floribert kuomba termometre iliyomo katika sanduku la fizikia. Sanduku hilo lilikuwa la mtawa wetu, Masera Godelieve. Tangu masera wote walipoondoka mwezi wa nane, Mwalimu Floribert ndiye anayetufundisha, na hesabu yake ni nzuri, ila sanduku halipendi. Alisema, "Chukua. Hapa inapima vumbi tu."

Sikukutumia siku ile ile. Masera alitufundisha kwamba mtu hapimi kwa chombo kabla hajakipima chombo chenyewe. Termometre inajaribiwa mahali pawili: katika barafu inayoyeyuka lazima isome sifuri, na katika maji yanayochemka lazima isome mia. Barafu hatuna, lakini Jumanne ilinyesha mvua ya mawe. Mimi na Dancille, mwenzangu wa benchi, tulitoka mbio uwanjani, sahani vichwani, tukajaza kikombe. Wasichana wengine walikuwa wamejipanga chini ya paa wakicheka: "Muone wale! Wanavuna mvua!" Termometre ilisoma sifuri kamili.

Maji yanayochemka ndiyo yaliyonisumbua. Yaliruka mpaka yakamwagikia moto, lakini namba ilisimama kwenye 94. Nikabadilisha sufuria. Nikaacha maji ya mto nikachukua ya mvua. 94, mara moja 93 na nusu, kisha 94 tena. Nikamwita Mwalimu. Alitazama, akafungua kitabu, akaweka kidole kwenye mstari.

"Soma. Maji yanachemka kwa ngapi?"

"Kwa mia, Mwalimu."

"Na hapa tunaona ngapi?"

"Tisini na nne."

"Basi nani anadanganya, kitabu ao termometre?"

"Termometre, Mwalimu."

"Njo hivyo. Imezeeka. Rekebisha namba, usirekebishe kitabu."

Nimerekebisha. Kwa kuwa chini kabisa inasema kweli na juu inapungukiwa na sita, nimegawanya kosa hilo ngazi kwa ngazi, na nimekuandikia jedwali. Ukisoma 35, homa ya kweli ni 37,2. Ukisoma 36, ni 38,3. Ukisoma 37, ni 39,4. Ukisoma 38, ni 40,4. Ukisoma 39, ni 41,5. Sikuendelea zaidi, kwa sababu sikutaka kuandika namba ambayo mtu hawezi kuwa hai nayo.

Masera hakukubali namba isiyo na shaka yake kando. Alisema shaka si aibu, ni sehemu ya jibu. Nimepima mara nyingi, na vipimo vyangu havikutofautiana zaidi ya nusu digrii. Basi shaka yangu ni nusu digrii, na unaweza kuniamini mpaka hapo.

Jambo la mwisho: hii si termometre ya muganga, ni ya kupimia maji. Isome ikiwa bado kwapani, kwa maana ukiitoa tu namba inashuka.

Papa Léonard anakwenda Pinga na baiskeli yake ya chumvi. Nimempa barua hii na termometre ndani ya kitambaa. Mbusu Agathe kwa ajili yangu, na umsalimie mama yake, Joséphine-Marie.

Dada yako mdogo,
Adelaïde


Karibu na Pinga, tarehe 2 Novemba 1964

Mudogo wangu Ade,

Papa Léonard amefika. Kioo chako cha kupimia kilisafiri ndani ya gunia la chumvi ili askari wa barieri za barabarani wasikione, na kimefika kizima, ila Agathe alikilamba kabla sijakiosha.

Jedwali nimelibandika ukutani kwa ugali wa muhogo. Muganga Paul aliniachia sheria moja tu: 37 muntu ni mzima, akipita 38 umupe kinini. Sasa ninajua, na ninachojua kinanitia woga. Dada, watu wa hapa ni wagonjwa kuliko nilivyofikiri. Wanakuja kwa ajili ya kidonda, kwa ajili ya jino, ninawapima: 36 na kitu. Ninatazama ukuta: 38 na nusu. Mama aliyeniletea mutoto wake nilimupima naye: 38 na nusu. Muntu aliyemusindikiza: 38 na nusu. Miaka yote hii homa ilikuwa inatembea kati yetu na hatukuiona.

Papa Edmond muwindaji alipita kuomba dawa ya mwiba mguuni. Nikamupima.

"Papa, uko na homa."

"Mimi? Jana nimebeba nguruwe ya pori kwa mabega, kutoka ng'ambo ya mto mpaka kwangu. Nguruwe njo ilikuwa na homa, si mimi."

"Kioo kinasema 38 na nusu."

"Basi kioo hicho hakijawahi kuwinda."

Watu wote wakacheka. Lakini nilimukazia macho, akameza kinini, akakunja uso. Siku ya pili akarudi akilalamika kwamba nyuki wameingia masikioni. Unajua kinini kinavyolia kichwani. Sasa nusu ya kijiji inasikia nyuki, na wakikutana njiani wanaulizana: "Wako bado? Wangu wamelala."

Nilijipima mimi mwenyewe: 38,8. Nikalala mchana kutwa, na kweli nilijisikia vibaya. Joséphine-Marie alisimama mulangoni na jembe lake akasema, "Bwana yangu ameoa kioo. Mimi nitabaki na shamba."

Agathe nilimupima: 38,6. Anacheza, anakula, anakimbiza kuku. Hata hivyo nimeanza kumupa kipande kila asubuhi. Siwezi kumuona na namba ile nikanyamaza.

Kopo limefika katikati. Lilikuwa litoshe mpaka Pasaka. Niambie, mwalimu wenu anasema nini kuhusu nchi ambamo kila muntu iko na homa?

Kaka yako,
Nestor


Masisi, tarehe 19 Novemba 1964

Kaka Nestor,

Nilisoma barua yako kwa furaha na kwa hofu, na sijui kipi kilitangulia. Furaha ni kwamba kitu nilichokifanya kwa mikono yangu kinatumika mahali ambapo watu wanakihitaji. Mama amewaambia majirani wote. Sasa wananiita "docteur" nikichota maji, na mimi ninajifanya sisikii.

Swali lako nilimpelekea Mwalimu Floribert. Alisema, "Walikale, kule kwa kaka yako, ni msitu. Msitu una mbu. Mbu wana homa. Unashangaa nini?" Nilirudi kwenye benchi langu. Jibu hilo lilikuwa jepesi sana.

Nimefikiri peke yangu pia. Pengine unasoma haraka, ao watu hawakazi mkono vizuri. Masera alisema kwamba kipimo kimoja ni kama shahidi mmoja. Basi usimpime mtu mara moja. Mpime mara tatu, jumlisha, gawanya kwa tatu, kisha ndipo utazame jedwali. Kama kuna kosa la mkono ao la jicho, litajipunguza lenyewe. Ukifanya hivyo, na bado ukipata homa, basi ni homa.

Hapa masomo yanaendelea, lakini benchi zinapungua watu. Dancille haji tena. Wazazi wake walifunga nyumba na kushuka upande wa Goma, na hakuna aliyeniambia kama watarudi. Ninakaa peke yangu mbele ya sanduku la fizikia.

Usimpunguzie Agathe. Watu wazima wanaweza kungoja, mtoto hawezi.

Adelaïde wako


Karibu na Pinga, tarehe 6 Desemba 1964

Mudogo wangu,

Nimefanya kama ulivyosema. Mara tatu kila muntu, najumlisha, nagawanya. Watu wanalia kwamba nawatekenya makwapa. Mara zote tatu zinapatana kama ndugu: 36 na kitu, 36 na kitu, 36 na kitu. Zamani nilikuwa naogopa nikiwa na shaka, sasa naogopa bila shaka.

Joséphine-Marie ananikasirikia. Jana aliweka mkono kwenye paji la uso la Agathe, akasema, "Nestor, mutoto huyu ni baridi kama kata ya maji. Acha kumupa ile uchungu, anatapika." Nikamujibu, "Mkono wako hauna namba." Alimubeba mutoto akaenda naye shambani. Nimekuandikia hilo kwa sababu wewe uliahidi kuniambia yote, na mimi pia nataka kuwa hivyo.

Nikupe sasa kitu cha kuchekesha. Juzi nilikuwa nachemsha sindano, nikatia termometre yako ndani ya maji, nione tu kama bado inadanganya. Ilisoma 97! Ade, kioo chako kinapona. Kwenu milimani kilikuwa kigonjwa digrii sita, huku kwetu chini zimebaki tatu tu. Hewa hii inayoangusha watu inaponya vioo. Labda ukinitumia na mwalimu wako, atapona naye.

Kinini: naona chini ya kopo. Ninakata kila kidonge mara nne. Papa Léonard anasema kamiyo za dawa hazijafika hata Masisi. Nikikosa kabisa, nitajua angalau kwamba nilimaliza kwa watu waliokuwa nayo homa, si kwa kubahatisha.

Nestor


Masisi, tarehe 20 Desemba 1964

Kaka Nestor,

Ondoa jedwali ukutani. Ondoa kabla hujasoma mstari mwingine. Usimpe mtu yeyote kinini kwa ajili ya jedwali langu.

Sasa nitaeleza. Ulinitumia ile 97 ili nicheke, na Mama alicheka. Mimi sikuweza. Termometre iliyozeeka haipati ujana kwa kuteremka mlima. Kama kioo ni kile kile, na barafu ilikuwa sifuri, basi kinachobadilika si kioo. Ni maji.

Nilikaa jikoni na neno hilo. Mama alikuwa anapika maharagi, na kama kawaida alikuwa anayatukana, kwamba yamekula kuni za siku mbili na bado yanalia kwenye meno. Shangazi Rosalie akija kututembelea kutoka Shasha husema maharagi yale yale, akiyapika kwake kando ya ziwa, yanaiva kabla hajamaliza kusuka mkeka. Siku zote tulidhani anajisifu. Kaka, maji yetu huku juu yanaruka kabla hayajawa moto wa kutosha. Yanachemka, lakini hayafiki mia. Kwenu chini yanakaribia zaidi.

Nilikimbia kwa Mwalimu Floribert kuomba kitabu. Nikafungua mbele, kurasa ambazo Masera alikuwa hajatufikisha. Imeandikwa pale, kwa herufi ndogo, kwamba ile mia ni ya maji yaliyo kwenye usawa wa bahari, na kwamba kadiri unavyopanda juu ndivyo namba inavyoshuka. Hata mfano wa mlima upo. Nilimpa Mwalimu asome. Alisoma taratibu, akafunga kitabu, akasema, "Hiyo haikuwa kwenye programu ya masomo." Halafu akaondoka, akasahau kofia.

Termometre ilikuwa inasema kweli tangu mwanzo. 36 ni 36. Papa Edmond alikuwa mzima. Wewe ulikuwa mzima. Agathe ni mzima, na mama yake aliona sawa.

Ile nusu digrii niliyokuandikia kama shaka yangu ilikuwa shaka ya mkono na jicho tu. Kosa lenyewe lilikuwa mahali ambapo sikutazama. Na kukuambia upime mara tatu kulikuwa bure: kipimo kikielekea upande mmoja, mara tatu kitaelekea upande ule ule, na mtu anazidi kuwa na hakika.

Sasa fanya hivi. Fuata namba ya kioo peke yake. 38 na zaidi, kinini. Chini ya hapo, maji na maneno mema. Chochote kilichobaki, hata kama ni vipande, kiweke kwa ajili ya Agathe na kwa watu wenye moto wa kweli. Pengine kuna kilichobaki. Uliandika kwamba unaona chini ya kopo, hukuandika kwamba ni tupu.

Barua hii nampa mtu wa kwanza atakayetelemka, sitamngoja Papa Léonard. Ninasali apite barieri.

Adelaïde


Karibu na Pinga, tarehe 21 Desemba 1964

Ade,

Naandika haraka, kuna muntu anapanda Masisi sasa hivi.

Kinini kimekwisha tangu Jumatano. Vidonge vya mwisho niliwapa vijana watatu waliokuwa wanakwenda kupasua mbao, wote 38 na nusu. Walikuwa wanaimba.

Tangu jana Agathe anawaka. Hii haikuhitaji kioo, inasikika ukipita karibu naye. Kioo kinasoma 40. Jedwali lako linakoma kwa 39. Nifanye nini na namba ambayo haiko ukutani? Anatetemeka, kisha anatulia, kisha anaanza tena. Joséphine-Marie anamupangusa kwa majani yaliyolowa na haniangalii.

Tafuta kinini. Nenda kwa mapadri, nenda kwa askari, uza kitambaa changu cha arusi kilicho kwa Mama. Chochote.

Nestor


Masisi, tarehe 9 Januari 1965

Kaka Nestor,

Barua yako ya tarehe 21 imefika leo tu. Mtu wako alizuiwa njiani, sikuuliza kwa nini, nilimwona anavyotembea.

Sikuuza kitambaa. Padri alinifungulia kabati lake, akanimiminia kiganjani vidonge alivyokuwa amejiwekea mwenyewe. Alisema, "Mimi nimezeeka na homa zangu, tunaelewana." Nimeviviringisha katika pamba, na Papa Léonard anaondoka sasa, baiskeli imeshikwa mlangoni wakati naandika.

Sijui kama barua yangu ya tarehe 20 ilikufikia. Kama hapana, jua tu hili: jedwali ni baya, kioo ni kizuri. Mvunjie Agathe robo, umpe na asali.

Nimehesabu njia ya Papa Léonard na nimejaribu kukisia siku atakayofika. Kila nikikisia ninaongeza shaka kubwa pande zote mbili, na upande mmoja bado Agathe anakaa na kumeza. Ninashika upande huo.

Adelaïde


Karibu na Pinga, tarehe 7 Februari 1965

Dada mpendwa,

Barua yako ya Desemba na vidonge vya padri vilinifikia siku moja. Mushukuru sana. Vidonge nimevitumia vizuri, kwa kufuata kioo peke yake. Mama moja wa mapacha alikuwa na 39 na nusu, leo anapalilia.

Jedwali nililiondoa, na ile barua ya Desemba niliitia motoni, kwa sababu ya unyevu karatasi zilikuwa zinaoza. Papa Edmond ananiuliza kwa nini simupimi tena, namwambia kioo kimechoka naye.

Usijisumbue kwa mambo yaliyopita. Kinini kingekwisha tu, leo ao kesho. Wewe soma. Kama walimu wanapungua, ndiyo sababu zaidi ya kusoma. Mvua ni nyingi, mto umekula daraja la miti. Nyumbani tuko salama.

Salamu kwa Mama.

Kaka yako,
Nestor


Masisi, tarehe 28 Februari 1965

Kaka Nestor,

Mwanzoni niliahidi kukuambia yote, basi sasa nakuambia kwamba barua yako ya mwisho niliipima kama ninavyopima vitu vingine, na haikupatana.

Agathe hayumo ndani yake. Nimeisoma mbele ya Mama, na Mama akauliza, "Na mutoto?" Nikamwambia kwamba pengine ulisahau. Wewe hujawahi kusahau.

Jana Papa Léonard alirudi. Nilimkuta kwenye ukuta wa misioni anaziba tairi. Aliponiona aliinuka, akavua kofia.

"Pole sana, mutoto yangu."

"Pole ya nini, Papa?"

Akaweka tairi chini. "Hawajakuandikia?"

Nikasema wameandika. Ndipo akakaa chini, akaniambia. Kwamba Agathe alikufa siku moja kabla ya Noeli. Kwamba ulikuwa umekwangua kopo kwa kijiko, ukachanganya ule unga na kutu, ukampa, na haukutosha hata kupaka ulimi. Kwamba mlimzika nyuma ya dispensari kwa sababu mvua ilizuia njia ya makaburi. Nilipokuwa naandika "mvunjie robo, umpe na asali," kulikuwa tayari na majani juu yake.

Sijamwambia Mama. Nitamwambia leo jioni, nikishapeleka barua hii.

Papa Léonard aliniambia na mengine. Ndugu za Joséphine-Marie walikuja wakamchukua mpaka kwao, Buleusa. Kabla ya kumchukua walikuuliza mbele ya watu: "Wewe muganga wa namna gani? Uligawa kinini kama karanga, kwa wawindaji, kwa wapasua mbao waliokuwa wanaimba, na mutoto wako ukamukosesha kipande kimoja. Nani alikuambia kwamba watu wote iko na homa?" Papa Léonard alikuwa pale. Anasema ulitazama ukuta, mahali karatasi ilipokuwa, na hukujibu. Wakauliza tena. Hukujibu.

Kaka, ninaelewa sasa kwa nini barua ya Desemba iliingia motoni. Haikuwa unyevu.

Nimejaribu kutafuta sehemu yangu katika jambo hili, kama tulivyofundishwa kugawanya kosa kati ya chombo na mkono. Nimejiambia kwamba homa yake ingeweza kumshinda hata na kinini, kwa maana watoto wengine wanakunywa kinini na wanakufa. Nimejiambia kwamba vita ndivyo vilivyofunga barabara. Yote mawili yanaweza kuwa kweli. Lakini hayo yote nikiyaweka upande mmoja, jedwali langu bado liko upande wa pili, na linabaki zito. Kama ningekuwa mvivu, kama ningekutumia termometre bila kuijaribu, ungesoma 36 na ungemwacha Papa Edmond aende zake. Nilikosa kwa kufanya kazi vizuri. Hilo sijui nilipeleke wapi. Mwalimu Floribert nilimwambia, akalia, na hakunisaidia.

Nimefunga sanduku la fizikia. Nilifikiri kutolifungua tena. Lakini asubuhi hii wasichana wa mwaka wa kwanza walikuja kuniuliza kama kweli maji yanachemka kwa mia, maana wana mtihani. Niliwaambia: hapa kwetu, tisini na nne, na niliwaambia kwa nini, na niliwafanya waandike "Masisi" kando ya namba. Mmoja alisema mkaguzi atamwondolea alama. Nikamwambia aziache ziondolewe.

Ninataka kumwandikia Joséphine-Marie. Papa Léonard anasema anajua njia ya Buleusa na kwamba atapita huko baada ya kwako. Barua nimeshaianza, ina mstari mmoja. Siwezi kuendelea kabla sijajua ninamwandikia mtu anayejua nini. Papa Léonard atakungojea mpaka umalize kuandika, nimemwomba asiondoke mikono mitupu. Usiniandikie kuhusu mvua, wala kuhusu masomo yangu. Nijibu hili moja, hata kwa neno moja:

Joséphine-Marie anajua kwamba zile namba zilikuwa zangu?

Dada yako,
Adelaïde